Kanuni ya Saba ya Tawi la Malava

Mheshimiwa Diwani Phineas, uliyenishinda mwaka jana na ukakubali kuja kuniaga mwaka huu; Chifu wetu; Mwenyekiti na wanachama wa tawi letu la Malava; Ndugu Bramwel, unayepokea ukatibu kutoka kwangu leo; akina mama, pamoja nawe Mama Nekoye; na ninyi mlioketi kule nyuma, ambao hamna kadi ya chama chochote na mmekuja, nadhani, kwa sababu mmesikia kuna chai: hamjambo nyote?

Nimeambiwa niseme machache. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana ameketi karibu na mlango. Kwa miaka minne mimi, Erastus Khisa, nimekuwa katibu wa tawi hili, na kesho kutwa nahamia Mautuma, nilikopata shamba katika ardhi iliyokuwa ya masetla wa Kizungu. Kabla sijakabidhi daftari hili na muhuri huu, nataka kuwaeleza kwa nini tulishindwa. Wengi wenu mnasema tuliibiwa. Hatukuibiwa. Tulishindwa kwa kura kumi na tisa, na nitawaambia zilikwenda wapi.

Mnakumbuka mwaka jana ulivyokuwa, kabla ya bendera kupandishwa. Huyu anataka majimbo, yule anataka serikali moja, na kila mmoja anamwita mwenzake msaliti. Tulifanya mikutano mingapi? Hata mimi sikumbuki. Na nani alikuja kutusikiliza? Walikuja wenye kadi zetu, wakatupigia makofi, tukarudi nyumbani tukiamini tumeshinda. Lakini makofi ya mtu ambaye tayari ni wako yanakuongezea nini? Yule asiye na kadi tulimdharau. Tulisema hana msimamo, anangoja kuona upepo unakoelekea. Hatukujua kwamba alikuwa anatutazama.

Na alituona. Humu ndani ya daftari, ukurasa wa kumi na mbili, kuna kanuni ya saba: mwanachama wa tawi hili asihudhurie mazishi katika boma la mfuasi wa chama cha pili. Ndugu Bramwel, wewe uliiunga mkono. Mimi niliiandika, kwa mkono wangu na kwa wino mzuri, nikaipiga muhuri. Tulidhani tunajenga nidhamu.

Wageni huenda hawamjui marehemu Sifuna, mume wa Mama Nekoye. Alikuwa jirani yangu ng'ambo ya kijito. Yeye alikuwa na ng'ombe dume mmoja na mimi mmoja, na kwa miaka tisa tuliwafunga nira moja tukalima kwake, halafu kwangu. Siasa ilipoingia, yeye akachukua kadi ile na mimi hii. Msimu ule kila mtu alibaki na dume lake zizini, linakula na kulala, na wake zetu wakalima kwa mikono. Dume moja haliburuti plau. Hilo hata mtoto analijua, lakini sisi wanasiasa tulikuwa tumelisahau.

Mwezi wa tatu, kabla ya kura, Sifuna akafa. Hapa kwetu mtu akifa, kila boma la jirani hutoa jembe moja na mwanamume mmoja wa kuchimba. Mimi nilikaa nyumbani kwangu nikisikia majembe yakigonga changarawe ng'ambo ya pili. Niliyatambua mengine kwa mlio. Langu lilikuwa nyuma ya mlango. Niliona aibu siku ile, na ninaiona hata sasa nikisema mbele yenu, lakini nilikuwa katibu, na katibu hawezi kuvunja kanuni aliyoiandika mwenyewe.

Wiki mbili baadaye mama yake Mwenyekiti wetu akafariki. Nani alikuja? Mheshimiwa Phineas, mgombea wa upande wa pili. Alikuja na jembe begani, akachimba zamu yake, akanywa maji, akaenda zake. Hakutaja kura hata mara moja. Mimi nilisema anajipendekeza. Labda alijipendekeza, atajibu mwenyewe kwa Mungu wake. Lakini kaburi lilichimbwa.

Baada ya matokeo nilikwenda kwa Mama Beldina, anayeuza chai sokoni, na ambaye hajawahi kuchukua kadi ya mtu. Nikamwuliza kwa nini alininyima kura. Akaendelea kupepeta mchele wake, akasema: "Khisa, hiyo maneno ya majimbo mimi sikuelewanga sana. Nyinyi wote mlikunywanga chai hapa mkinieleza. Lakini siku ya Sifuna niliangalia majembe. Yako haikuwa. Nikasema, kama huyu hawezi kuzika rafiki yake, mimi atanizika?"

Ndugu zangu, katika ile njia ya kwa Sifuna kuna maboma kumi na moja yasiyo na kadi. Hesabuni watu wazima wenyewe, mtazipata kura zangu kumi na tisa na chenji ibaki.

Huko ninakokwenda sina ndugu. Shamba linalopakana na langu ni la Bwana Kipruto, na nasikia hatukupiga kura upande mmoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikifa kule, ni Kipruto atakayechimba, si ninyi. Je, niende nikiwa na kanuni hii mgongoni?

Mwenyekiti ameniruhusu, ingawa kwa kunung'unika. Mwanachama anayekubali kanuni ya saba ifutwe leo, ainue mkono.

Ndugu Bramwel, naona unatazama sakafu. Sikulazimishi. Daftari litakuwa lako, na kanuni ikibaki, wewe ndiye utakayeilinda.

Asanteni, mikono inatosha. Asante nawe, Bramwel, kwa kuinua wako. Shika kalamu hii, uifute kanuni mwenyewe.

Mama Beldina, wewe huna kadi. Mkono wako siwezi kuuhesabu. Lakini tafadhali usiushushe kwanza, wenzangu wauone.

Limebaki jambo moja. Mama Nekoye, najua kaburi halichimbwi mara mbili. Kesho asubuhi, kabla sijapakia mizigo, naomba nije nipalilie pale alipolala Sifuna. Ukikataa, nitaelewa.

Mmemsikia? Anasema: "Kuja na jembe yako. Yetu ilivunjika mpini siku hiyo, watu walikuwa wachache."

Nitakuja nalo, Mama. Na mpini mpya pia.

Nawashukuru kwa miaka minne, na kwa kunivumilia leo. Chai iko tayari, ketini mlivyochanganyika.