Utepe Tumeufunga Juu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, viongozi mlioongozana naye, majirani, na nyinyi wanafunzi mliotembea tangu asubuhi kuja hapa:

KARIBU

Sisi waongoza wageni wa nyumba za mwambani tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kukata utepe ili ujenzi wa ngazi za saruji uanze. Barua ya ofisi yako ilituagiza nyimbo mbili na risala ya ukurasa mmoja. Nyimbo umezisikia, ukurasa tutauzidisha kidogo. Msomaji ni Shangazi, mkubwa wetu kazini. Aliomba tufute kila palipotajwa habari zake, tukakataa.

TULIKOTOKA

Watu wa kale hawakulichagua pango hilo la juu mwambani, walimojenga nyumba zao, kwa kubahatisha. Wakati wa baridi jua huingia mpaka ukuta wa nyuma. Wakati wa joto huishia kizingitini. Nyuma ya chumba cha tatu kuna ufa unaodondosha maji, tone kwa tone, na hatujasikia kwamba uliwahi kukauka. Kwenye kuta bado zipo alama za vidole vya waliokandika, vingine vya watoto. Mbayuwayu nao wamejenga pembeni, kwa udongo ule ule wa bondeni.

Njia ya kupandia ni mashimo thelathini na moja yaliyochongwa kwenye jiwe. Ukianza na mguu wa kulia, utafika. Ukianza na wa kushoto, shimo la kumi na tisa litakukuta na mguu usio wake, na hapo hupandi wala hushuki. Ndivyo walivyomkamata adui bila mlinzi. Shangazi alifundishwa na mama yake, naye ametufundisha sisi sote.

TULIYOFANYA

Mwaka jana wanafunzi mia tisa walipanda, kamba kiunoni, na hakuna aliyevunjika hata ukucha. Mwalimu mmoja alituambia, "Somo la maji nimelifundisha muhula mzima, wapi. Leo wamedondoshewa tone moja kiganjani, wananiuliza maswali mpaka nimechoka."

KINACHOTUKABA

Mhandisi wa ofisi yako alikuja kupima njia. Shangazi akamwambia, "Baba, anza na wa kulia."

Akajibu, "Mama, mimi hii kazi nimeisomea."

Akaanza na wa kushoto. Shimo la kumi na tisa likampokea. Alikumbatia jiwe macho kafumba, mpaka Shangazi akapanda, akamshika kifundo cha mguu, akamshusha shimo baada ya shimo huku akimbembeleza kama mtoto mwenye homa. Alipofika chini alishukuru, akanywa maji, akaenda kuandika kwamba njia haipitiki.

Kwa maneno hayo mawili, mwamba utalipuliwa kwa baruti ili ngazi zipite, na sisi tutaondolewa, wageni wasikilize sauti iliyorekodiwa. Baruti itaupasua ule ufa, na maji yakishapotea hayarudishwi kwa barua. Mheshimiwa, imetuuma, na hatutaki kujifanya haijatuuma. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi tumeona heri tukuambie.

TUNACHOKUOMBA

Ombi letu ni moja. Usikate utepe kabla hujapanda. Ukishaona mwenyewe, ukaweka kidole chako kwenye alama za vidole vyao, kisha ukasema bado tulipue, tutakusikiliza. Lakini baruti ikiletwa na mtu aliyeishia hapa chini, atatukuta ndani ya vyumba, kila mmoja na chumba chake, na hatutashuka.

Msaidizi wako amezunguka lango mara tatu, mkasi mkononi, akiuulizia utepe. Asihangaike. Utepe tumeufunga juu, mlangoni pa chumba cha kwanza. Kamba tumeikagua mara mbili, na Shangazi akimaliza kusoma mstari huu atavua viatu, apande nyuma yako.

Mungu aujalie mkono wako mahali pa kushika, na kila mguu wako shimo lake. Anza na wa kulia.

Ni sisi,
Umoja wa Waongoza Wageni wa Nyumba za Mwambani