Friji Iliposema Arobaini, Nami Nikaamini

Wapendwa, mnaonijua mnajua mimi huuliza maswali hata mahubiri hayajaisha. Leo nivumilieni, nimesimama kujibu.

Chuoni ninatengeneza elektroliti, yaani yale maji ya ndani ya betri yanayopitisha umeme. Yangu hayatakiwi kuganda hata kwenye nyuzi arobaini chini ya sifuri, baridi ya nchi za theluji. Ndiyo, mtu wa Matiliku, kwetu kwenye jua kali. Chekeni tu.

Mwaka jana nilipata mchanganyiko ukafanya kazi, nikatangaza mbele ya idara nzima. Mwenzangu akaurudia, ukaganda kama jiwe. Akaniuliza, "Wewe ulipima aje?" Nikamwambia ana wivu. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ninayehoji kila mtu sikuwa nimejihoji. Mwalimu anayenisimamia alinipa mwezi mmoja nieleze tofauti hiyo, la sivyo mradi apewe mwingine. Nikatorokea Makindu kwa shangazi.

Shangazi huuzia wasafiri barafu za ukwaju. Siku moja alinituma nimtolee kumi. Nikaangalia kipimo cha friji, kikaonyesha baridi ya kutosha, nikachukua za kando ya ukuta wa friji, nikidhani zote zimeganda.

"Hebu weka hizo," akasema. Akazamisha mkono mpaka katikati, akatoa moja, akaipasua kwa kisu. Juisi ikamwagika.

"Friji imepoa. Hii haijapoa. Kwani huko chuo hamjui?"

"Tunajua, shangazi."

"Basi si ungengoja."

Hilo ndilo kosa nililofanya maabara: friji ya huko ilipoandika arobaini nilianza kupima papo hapo, na ndani ya betri bado kulikuwa na uvuguvugu.

Nilirudi nikakiri mbele ya wale wale niliojisifia kwao. Nikaweka waya wa kipimo cha baridi ndani ya betri yenyewe, nikawa nangoja hadi kesho yake. Michanganyiko ikaganda mmoja baada ya mwingine. Nilipopunguza chumvi na kuongeza kimiminika cha pili, mmoja ukabaki maji, na betri ikatoa umeme. Sikuishia kwa kipimo changu. Nilimwomba yule mwenzangu apime, akapima mara tatu.

Namshukuru mwalimu aliyenipa muda. Namshukuru shangazi: hajaingia maabara hata siku moja, lakini kwa uangalifu wa kazi sijaona wa kumshinda. Na mwenzangu, niliyemwita mwenye wivu, ndiye aliyeokoa jina langu.

Kwa hivyo mtu akitaka kuona ulivyofanya kazi yako, usimkasirikie. Mvutie kiti.