Viatu vya Dada Duvi

Marehemu Eduviges Santibáñez, ambaye sisi nduguze tulimwita Duvi, alizaliwa hapa mjini Tlacolula tarehe 17 Oktoba 1957, mtoto wa kwanza wa mzee Crescencio, mwoka mikate, na mama Herlinda. Mimi Fidencio, ninayewasomea haya, ni kitinda mimba wa nyumba hiyo, na mgongo wa dada ndio uliokuwa kitanda changu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi mwaka 1970. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara nyingi kwa sababu ya unga kichwani, naye akarudi darasani na unga mwingine. Baba alipougua, dada aliachiwa tanuri. Tangu hapo kila Novemba, Siku ya Wafu, hakuna nyumba mtaani kwetu iliyokosa mkate wake wa viini vya mayai mbele ya picha za wafu wao.

Tarehe 9 Mei 1981 alifunga ndoa na Abundio Carreño, seremala. Mungu akawajalia Nereida na Wilfrido.

Machi 1998 aligundulika kuwa na kisukari. Wengine tungelia; yeye alikwenda sokoni kununua majani ya mpungate, yale ya miiba yanayosemwa hushusha sukari. Alipunguza tortilla, chapati zetu za mahindi, akaacha soda, akawa anatembea kila asubuhi, akameza vidonge na baadaye akajichoma insulini bila kukosa. Majirani walimtisha kwamba insulini inapofusha.

"Mbona nakuona vizuri tu, na hiyo soda unayoficha mgongoni?" alimjibu mmoja wao.

Mikate yake hakuionja tena, aliinusa tu. Kwa kuwa miguu yake ilikufa ganzi, daktari alimkataza kutembea pekupeku hata sebuleni, na kila jioni Abundio alivaa miwani akamkagua nyayo. Hivyo alidumu miaka ishirini, mzima kuliko sisi tuliomhurumia.

Novemba 2018 Nereida alijifungua kwa taabu, yeye na kichanga wakawa mahututi. Dada akaweka nadhiri kwa Bikira wa Juquila: wakipona, atakwenda hija kanisani kwake na mwisho wa safari ataupanda mlima pekupeku. Wakapona.

"Mama Nere, kwani Bikira ana ugomvi gani na viatu?" Abundio alimsihi.

"Nilishaahidi, mume wangu. Alinipa wawili, mimi nimdhulumu?"

Abundio alibaki kulinda tanuri. Huko mlimani kipande cha chupa kilimwingia dada unyayoni, asisikie chochote. Aliporudi, mumewe alivaa miwani, akatazama, akalia. Januari mguu wa kushoto ulikatwa.

Hakumlaumu mtu, wala hakuacha dawa. Lakini figo zilichoka, na alfajiri ya tarehe 3 Septemba 2024 alitutoka, mkono wake ukiwa katika mkono wa Nereida. Inatuuma sana. Nadhiri ile naikasirikia hata leo, kisha namwona Amparo, kichanga yule aliyepona, anakimbia uani.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu wake Amparo na sisi ndugu watatu.

Kwetu marehemu huvishwa viatu, maana njia anayoiendea ina miiba. Jana waliomwosha walileta kimoja.

"Leteni na cha pili," Abundio aliwaambia. "Safari hii haendi pekupeku."

Alimfunga kamba mwenyewe, na kile cha kushoto akakilaza mahali pake.

Mungu ampumzishe kwa amani, yeye na miguu yake yote miwili.