Dakika Arobaini za Dada Barafu

Wapendwa mliokuja kutufuta machozi, dada yetu mkubwa, ambaye kazini walimwita Dada Barafu naye akalizoea jina hilo, alizaliwa tarehe 4 Mei 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, na kwa ubishi wake walimu walikoma, maana hakukubali jibu lolote mpaka alione kwa macho yake.

Alihitimu shahada ya sayansi mwaka 1985, tarehe 2 Februari 1987 akaajiriwa katika maabara ya hospitali ya watoto, na tarehe 18 Agosti 1990 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, aliyerudi mara tatu kutengeneza friza la maabara ilhali lilishapona siku ya kwanza, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza protini katika saratani ya neva inayowapata watoto wadogo, ajue ni mabadiliko gani yanayoifanya isambae hadi kwenye mifupa, na mwaka 2004 alitangaza protini kumi na moja, akapigiwa makofi. Lakini mwaka uliofuata, akipitia daftari la chumba cha upasuaji, aligundua kwamba vipande vya saratani iliyosambaa vilikaa mezani dakika arobaini kabla ya kutiwa kwenye barafu, kwa kuwa upasuaji wa saratani hiyo ni mrefu, ilhali vya ile isiyosambaa vilitiwa mara moja, na protini hubadilika kwa kucheleweshwa tu, hata saratani isiposambaa. Jamani, alilia! Wenzake walimsihi anyamaze, nani atajua, naye akawajibu kwamba watajua watoto watakaopewa dawa isiyo yao, akayafuta matokeo yake hadharani, akaanza upya, akisimama mlangoni pa upasuaji na ndoo ya barafu kwa miaka tisa. Ikabaki protini moja, naye akasema moja ya kweli inamtosha.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, tarehe 9 Machi 2023 akaletewa habari kwamba hospitali nyingine imepata jibu lilelile, akafurahi mno, akadai chai ya sukari aliyokatazwa, tukampa, na tarehe 21 Machi, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotupikia na kutufagilia ua wiki nzima, wenzake wa maabara, na zaidi ya wote ninyi wazazi mliokubali uvimbe wa watoto wenu uchunguzwe, hata ninyi ambao mtoto hakurudi nyumbani. Tunawaona mmekaa viti vya nyuma, tafadhali njooni huku mbele, ninyi ni wafiwa wenzetu.

Dada, pumzika sasa, kwa amani.