Jozi ya Nenita: Maisha ya Basilisa Agcaoili, 1956–2023

Basilisa Domingo Agcaoili alizaliwa hapa Dingras, Ilocos Norte, Ufilipino, tarehe 15 Aprili 1956, mtoto wa tano wa marehemu Crispulo na Anselma Domingo. Alisoma hadi darasa la sita, akaacha mwaka ambao mpunga ulikomaa na mikono ya kuvuna ikakosekana.

Tarehe 8 Mei 1979 alifunga ndoa na Fausto Agcaoili. Walijaliwa mtoto mmoja, Nenita.

Mwaka 1990 walianza kufuga kware wa nyama. Fausto, mtu wa kubana matumizi, na leo hapingi, alichanganya chakula cha vifaranga na pumba za mpunga ili kifike mbali. Vifaranga wakala mpaka wakalamba vyombo. Siku ya kuchinja walikuwa manyoya na miguu tu.

"Mama Nenita, mbona walikuwa wanamaliza kila kitu?" Fausto akamuuliza mkewe.

"Wamejaza matumbo, hawajala. Wewe mtoto mchanga ungemlea kwa maji ya wali, halafu uulize mbona hatembei?"

Pumba zikahamia kwa nguruwe, na Fausto naye karibu ahamie huko. Basilisa akawapa vifaranga chakula kizito, soya, mahindi na dagaa wa kusaga, mpaka manyoya yafunge mwili mzima. Ndipo akalegeza chakula kidogo. Kware wake waliuzwa hadi mjini Laoag, wamejaa kifua.

Mwaka 2012 Nenita alienda kufanya kazi Kuwait. Tangu hapo, kila kundi likikomaa, mama yake alitenga jozi iliyonona. "Hawa msiguse. Wa Nenita."

"Nenita hajakata tiketi," Fausto alimtania, "kware wenyewe wanazeeka."

"Waache wazeeke. Na mimi si nazeeka?"

Januari 2023 figo zilianza kumsumbua. Hata kitandani swali lake lilikuwa moja: "Umewapa nini vifaranga?" Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Oktoba. Asubuhi hiyohiyo mayai ya mwisho aliyoyapanga kwenye kiangulio yalianguliwa, na nyumba ikawa na vilio vya aina mbili.

Nenita amekosa ruhusa ya kuja kuzika. Atafika kwa misa ya arobaini, na vifaranga hao watakuwa wamekomaa, kama watalishwa vizuri. Jana Fausto alionekana amesimama bandani na ndoo ya pumba mkononi, muda mrefu. Kisha akawapelekea nguruwe.

Siku ya arobaini itapikwa jozi iliyonona: mmoja wa Nenita, mmoja wa kuwekwa kwenye sahani ya marehemu, kama ilivyo desturi yetu.

Basilisa ameacha mume, Fausto, binti, Nenita, dada, Purita, anayesoma haya, na vifaranga ambao hawajafunga manyoya.

Alale kwa amani. Zamu ya kungoja sasa ni ya Fausto.