Wanaoruka Kwetu

Tunu alijifanya anatazama barabara, lakini masikio yake yalikuwa kwa abiria wawili aliopanda nao bajaji. Bibi mmoja wa Kiarusha, shanga zimemjaa shingoni, alikuwa akimhoji binti aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa dansi. Mjukuu wake ameitwa balerina shuleni, na Jumamosi atapanda jukwaani. Balerina ndiyo nini?

"Ni mwanamke anayecheza bale, ile dansi ya Kizungu ya jukwaani, bibi. Neno la Kiitaliano, limetokana na kucheza tu." "Na huyo balerina anaruka?" "Sana, na anatua kwa vidole."

Bibi hakuwa na haraka. "Basi Waitaliano wamekosea mtu wa kumpa jina. Kwetu wanaoruka ni morani. Mwanamke anacheza kwa mabega, shanga zinaitikia. Mjukuu wangu haruki." "Lakini neno lenyewe ni la wanawake, bibi. Wanaume wana lao." "Neno ni la Waitaliano, mwanangu. Mtoto ni wetu."

Tunu akaona hapa hakuna wa kushindwa.

Bajaji ikasimama Tengeru, kando ya mtaro uliofurika maji ya mvua. Bibi akashuka, akakusanya shuka lake, akaupima mtaro kwa macho, kisha akaruka. Akatua ng'ambo kwa vidole, shanga zikaitikia.