Bu Wuryani, Aliyezima Mitambo Mchana Kweupe

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Hospitali ya Uzazi Kembang Arum hapa Magelang, Bu Wuryani, yaani Mama Wuryani, mkuu wa kumbukumbu za wagonjwa, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Wengine wameshaanza kulia. Mimi, fundi wake wa kompyuta na kijana hodari kuliko wote chumbani mwake (tuko wawili), najikaza kiume.

Alianza enzi za mafaili ya karatasi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliifunika batiki isiingie vumbi, kisha akafundisha hospitali nzima kuitumia. Na mdomo anao. Ukibandika neno lako la siri kwenye skrini, atalisoma kwa sauti foleni yote isikie, halafu akusimamie mpaka ulibadilishe.

Ila tutamkumbuka zaidi kwa Jumatatu moja mwaka juzi. Asubuhi ile simu zetu zote ziliingia kadi ya harusi kutoka namba ya mkurugenzi, Pak (Bwana) Darmaji: binti yake anaolewa, fungua uone ukumbi. Nani hapa Java ataacha kufungua mwaliko wa bosi? Mimi nilishaanza kuwaza shati.

Bu Wuryani akasimama mlangoni. "Simu chini, nyote. Harusi kwa Darmaji, na mkewe hajaniita kumenya vitunguu? Thubutu."

Akampigia. Kumbe mzee alitumiwa kadi kama hiyo jana yake, akaifungua kwa heshima zote, wezi wakaingia kupitia humo, na simu hiyohiyo ndiyo anayoingilia kwenye mfumo wa hospitali. Tukatazama skrini: jina la mkurugenzi lilikuwa linafungua faili moja baada ya jingine, na mkurugenzi mwenyewe yuko ofisini anakunywa chai. Humo ndimo yalimokuwa majina ya kina mama wetu: waliokutwa na virusi, waliojifungua kwa siri, walioharibikiwa na mimba bila kwao kujua.

Bu Wuryani akazima kila kitu. Pak Darmaji akaja mbio.

"Bu, washa! Kuna mama yuko kwenye upasuaji!"

"Kundi lake la damu liko kwenye utepe wa mkononi, Pak. Nikiwasha, wenzake wote wanaanikwa."

"Nakuamuru."

"Niamuru nimekaa." Akavuta kiti, akakaa mbele ya swichi.

Mchana kutwa wauguzi waliulizana kwa midomo, nasi tukapanda ngazi kupeleka majibu ya vipimo mpaka magoti yakaomba likizo. Kila mlango wa upasuaji ulipofunguliwa, Bu Wuryani aliinua uso. Mwishowe muuguzi akatoka akicheka: mtoto wa kike, mama mzima.

Wataalamu wa kompyuta kutoka mji wa Yogyakarta walikuta wezi wamebeba mafaili yetu sisi wafanyakazi, pamoja na picha zetu mbaya za vitambulisho. Ya kina mama hawakuyafikia. Kesho yake Pak Darmaji alimwomba radhi mbele yetu sote, na Bu Wuryani akamvutia kile kiti chake akae.

Bu, wanawake wale wako sokoni, wako kwa wakwe zao, na hakuna anayewanyooshea kidole. Hawatakuja Ijumaa kukuaga, maana hawajui lolote. Basi asante hii ni yao, sisi tumeibeba tu. Kapumzike vizuri, uwe na afya, na siku zako ziwe njema.